Kumkanda mbwa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Tabora

Naishi Ipuli, Tabora mjini. Kukanda nilifundishwa na bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiwakanda wazazi wa mtaa wa Ng'ambo kwa maji ya moto baada ya kujifungua. Mambo ya mbwa niliyajua baadaye, nilipokuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Siku hizi nakanda mbwa wazee, mbwa waliogongwa na bodaboda, mbwa waliotoka kupasuliwa, na wale waliofungwa mnyororo mfupi miaka mingi mpaka mgongo ukakakamaa. Maswali yananifikia getini, sokoni na kwa simu, mengine kutoka Urambo, Nzega na Kigoma. Majibu ni haya.

Kwani kumkanda mbwa ndiyo nini?

Ni kutumia viganja na vidole kulainisha misuli iliyokaza, kuamsha damu mahali ilipozubaa, na kukunja na kukunjua viungo polepole kwa kiasi ambacho mbwa mwenyewe anakiridhia. Watu wengi wakisikia kukanda wanafikiria kuchua: yule mzee anayeshika kifundo kilichoteguka, anapaka mafuta, anavuta mpaka mgonjwa anapiga kelele. Kwa mbwa, hilo liondoe kabisa kichwani. Mbwa hana namna ya kukuambia "hapo hapo, taratibu". Ana mwili wake tu wa kukuonyesha, na kazi yako kubwa ni kuusoma.

Kunasaidia nini hasa?

Chukua mbwa mzee mwenye baridi yabisi ya nyonga. Gegedu, ile laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikishalika haitarudi kwa kukandwa, wala kwa kitu kingine ulichonacho nyumbani. Lakini maumivu yake hayatoki kwenye kiungo peke yake. Misuli inayozunguka kiungo kibovu hujikaza usiku na mchana kukilinda, na misuli iliyokaza muda mrefu nayo inauma. Hiyo ndiyo tunayoweza kuifikia kwa mkono. Ikilegea, mbwa anainuka bila kuhangaika sana, anakwenda kukojoa mwenyewe, analala usingizi wa kweli.

Kwa mbwa aliyepasuliwa au aliyevunjika mguu ukapona, kukanda kunamsaidia kurudisha mwendo, kwa sababu mguu usiotumika husinyaa haraka sana. Kwa mbwa asiyeweza kuinuka, kunapunguza viungo kukakamaa, na kunakupa nafasi ya kukagua ngozi kabla haijatoka vidonda vya kulalia.

Hakuungi mfupa. Hakuondoi kupooza. Hakurudishi kano ya goti iliyokatika. Hakuui vijidudu. Atakayekuambia vingine anatafuta hela yako.

Nitajuaje kama mbwa wangu ana maumivu ya viungo? Halii wala hachechemei.

Mbwa hulia akiumia ghafla. Maumivu ya muda mrefu huyabeba kimya, na mbwa wetu wa kienyeji ndio mabingwa wa kubeba. Kwa hiyo usisubiri kelele.

Mtazame asubuhi anapoamka, hasa Juni na Julai, baridi ya Tabora inapouma. Je, anainua mbele kwanza, kisha anavuta nyuma kama mzigo? Je, hatua kumi za kwanza ni ngumu, halafu analegea? Alikuwa akiruka juu ya baraza, sasa anazunguka kwenye ngazi? Alikuwa akilala upande wowote, sasa ni upande mmoja tu? Mtazame akikaa: mbwa mwenye goti bovu mara nyingi huurusha mguu huo pembeni badala ya kuukunja chini yake. Tazama kucha. Za mguu asioukanyagia vizuri huwa ndefu kuliko nyingine, maana hazisuguliki na ardhi. Tazama manyoya ya kwenye kifundo, kama amekuwa akipalamba mahali pamoja mpaka pakabadilika rangi.

Kipimo kingine ninachokipenda ni futi ya fundi cherehani. Mbwa akiwa amesimama, zungusha futi juu ya paja, usawa uleule kulia na kushoto, uandike namba na tarehe kwenye daftari. Paja linalopungua linakuambia mguu huo umeanza kuachwa, hata kama macho yako hayajaona kuchechemea. Pima tena baada ya mwezi.

Mkono nao hujifunza. Ukimpapasa mbwa wako kila siku akiwa mzima, unajua bega lake lilivyo, unajua mbavu zake kumi na tatu kila upande, unajua ngozi ya tumboni ina joto gani. Mama mmoja wa Cheyo aligundua kijivimbe cha ukubwa wa harage kwenye chuchu ya mbwa wake jioni moja tu baada ya kijivimbe hicho kuanza kushikika, kwa sababu jana yake hakikuwepo na mkono wake ulikuwa na uhakika. Alimpeleka kwa daktari wiki ileile.

Kabla sijamkanda, nianze na nini?

Nyayo. Mpindue, au mwinue mguu mmoja mmoja, uangalie kati ya vidole. Mbwa wengi wanaoletwa kwangu "wamevunjika" wana tekenya, mwiba wa mgunga au kupe aliyejibanza kwenye utando wa vidole. Huyo hahitaji kukandwa. Anahitaji kibanio, mkono uliotulia na maji ya chumvi.

Angalia masikio pia, ndani na nyuma, maana huko kupe hujazana. Ukikuta uvimbe mgumu wenye kitundu katikati, na ndani kuna kitu kinachopumua, ni funza wa nzi. Usimkamue kwa nguvu, atapasukia ndani palete jipu. Ziba kitundu kwa vaselini ili akose hewa, ajitokeze mwenyewe, kisha mtoe taratibu.

Ni lini nisimguse kabisa?

Swali hili ningependa kila mtu aanze nalo.

La kwanza ni kichaa cha mbwa. Tunakijua kwa sura ya mbwa anayekimbia hovyo akitokwa mate. Kuna sura ya pili, ya kimya: mbwa analegea, taya linashuka, anashindwa kumeza, anaburuta miguu ya nyuma, anajificha gizani. Mwenye mbwa anadhani amepooza au amekwamwa na mfupa kooni, anamwingiza mkono mdomoni, anaanza kumkanda kiuno. Usifanye hivyo. Mbwa aliyepooza ghafla bila ajali uliyoiona kwa macho yako, au aliyebadilika tabia ghafla, mfungie mahali peke yake, zuia watoto, na umwite daktari au afisa mifugo wa kata. Akikuuma au mate yake yakigusa kidonda chako, osha hapo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe, usingoje kuona mbwa atakuwaje. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kichaa karibu siku zote huua. Kwa sababu hiyo mimi simgusi mbwa ambaye chanjo yake ya mwaka haipo. Nionyeshe cheti kwanza.

La pili ni nyoka. Mguu au pua iliyovimba ghafla, hasa baada ya mbwa kurudi kutoka shambani au kwenye vichaka, huenda ni kifutu. Kukanda kunaisambaza sumu. Mbwa abebwe, asitembezwe, apelekwe kwa daktari.

La tatu ni homa. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 hadi 39.2 hivi, juu kidogo kuliko binadamu, kwa hiyo kumgusa pua hakukuambii kitu. Tumia kipimajoto cha njia ya haja kubwa, kilichopakwa vaselini. Nakiri kosa langu hapa. Miaka ya mwanzo niliitwa Kiloleni kwa mbwa anayechechemea. Jumatatu ilikuwa mguu wa mbele, Jumatano wa nyuma. Nikamkanda siku mbili nikidhani ni misuli. Siku ya tatu nilimfunua mdomo nikaona ufizi mweupe kama karatasi. Ilikuwa homa ya kupe, na siku mbili zile nilizompotezea zilikuwa za dawa. Alipona, lakini tangu hapo hakuna mbwa ninayemwekea mkono kabla sijapima joto na kutazama ufizi. Kuchechemea kunakohama mguu hadi mguu kukiambatana na homa ni kazi ya maabara, na Tabora tuna bahati: kituo cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, kipo hapa mjini.

Walina asali na wawindaji wanaoingia na mbwa wao kwenye miombo ya Sikonge, Kaliua au Uvinza wakumbuke pia ndorobo, yaani mbung'o. Mbwa anayekonda huku akila, uso ukavimba, jicho likaingia ukungu wa buluu, huenda amepata nagana, malale ya wanyama. Huyo naye ni wa daktari.

Mengine nayapitia haraka: usikande juu ya kidonda, jipu, uvimbe usiojulikana, ukurutu, au mahali palipovunjika na hapajaunga. Mbwa mwenye mimba usimkande tumbo.

Haya, nimkande vipi?

Chagua wakati ambao ameshatembea kidogo na tumbo halijajaa. Akitoka kula, mpe saa moja au mbili. Septemba na Oktoba, jua la Tabora likiwa kali, mkande alfajiri au baada ya magharibi. Tandika mkeka au gunia mahali asipoteleza. Vua pete na saa. Zima redio.

Usimsimamie juu ya kichwa. Kaa chini ubavuni kwake, mwache akunuse. Anza begani au kifuani kwa mgongo wa mkono, si utosini, maana mkono unaoshuka kichwani kutoka juu mbwa wengi huuona kama fimbo. Mbwa wetu wengi wameijua fimbo.

Dakika mbili au tatu za kwanza ni kupapasa tu. Kiganja kizima, kilicholegea, kitembee kutoka shingoni hadi mkiani kwa kufuata manyoya, polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Mkono mmoja usiache mwili. Ukitaka kujua uzito wa mkono wa kuanzia, fumba jicho uweke kidole juu ya kope: kiasi kisichokuumiza hapo ndicho cha kuanzia.

Kisha kanda bega. Mguu wa mbele wa mbwa haukuunganishwa na kiwiliwili kwa kiungo cha mfupa kama mkono wako ulivyoungana na kifua kupitia mtulinga. Umeshikiliwa na misuli mitupu, na miguu hiyo miwili ya mbele ndiyo inayobeba karibu asilimia 60 ya uzito wake. Sasa fikiria mbwa mwenye nyonga mbovu anayeusukuma mwili mbele ili kuipumzisha nyuma. Mabega yake yanafanya kazi ya punda. Weka kiganja juu ya bega, zungusha duara dogo, ngozi iende pamoja na mkono. Ukishahisi pamelegea, kusanya misuli kati ya kidole gumba na vidole vingine, uinue kidogo na uachie, kama unavyokanda unga wa maandazi ulioumuka na hutaki utoe hewa.

Mgongoni usikandamize mfupa wa uti hata siku moja. Pembeni mwake, kulia na kushoto, kuna misuli miwili mirefu kama kamba nene. Tembeza vidole gumba juu ya hiyo, kutoka mabegani kwenda kiunoni. Mahali palipokaza utapahisi kama fundo. Usipigane napo. Weka kidole, bonyeza kama unavyobonyeza embe kujua limeiva bila kuliponda, hesabu mpaka kumi, uachie taratibu.

Mapajani fanya kama begani, ila ukipapasa miguu, mkono uende kutoka chini kuelekea moyoni, ndiko damu inakorudi. Mwisho, kama daktari hajakataza, kunja na kunjua viungo. Kiungo kimoja kwa wakati, mkono mmoja ukishika juu ya kiungo na mwingine chini yake, mara tano hadi kumi, mpaka pale panapoanza kukataa. Hapo rudi, usisukume.

Maliza ulivyoanza, kwa kupapasa.

Na muda wote msome. Akishusha pumzi ndefu, jicho likalegea, kichwa kikawa kizito mapajani mwako, uko sawa. Akijilamba midomo ilhali hajala, akipiga miayo ilhali hana usingizi, akageuza kichwa kutazama mkono wako, akakaza ngozi, akaonyesha weupe wa jicho, hapo ulipo panauma. Toa mkono, rudi mahali alipopapenda. Akiinuka akaondoka, mwache aende. Usimfunge mdomo ili umkande. Mbwa aliyefungwa mdomo hahemi vizuri na amenyang'anywa njia yake ya kukuambia.

Mguu mbovu ni mmoja. Mbona wewe unaanza na ile mitatu mizima?

Kwa sababu mitatu ndiyo inayolipa deni la mmoja. Mbwa wa mwendesha bajaji mmoja wa Isevya alikatika kano ya goti la kulia. Mwenyewe alitaka nikae kwenye goti hilo nusu saa. Nikamwomba aweke kiganja chake kwenye bega la kushoto la mbwa, kisha la kulia. La kushoto lilikuwa gumu kama gogo. Mbwa alikuwa amejifunza kutembea kwa mshazari, uzito wote ukienda kwenye bega lililo mbali na goti bovu, na kiuno kimepinda kufuata. Tulikanda bega, shingo na pande mbili za kiuno kwa wiki tatu huku daktari akishughulikia goti lenyewe. Goti halikupona kwa mikono yangu. Lakini mbwa aliacha kupinda, na shingo ikarudi kugeuka pande zote.

Mbwa wa miguu mitatu ni hivyohivyo, maisha yake yote. Aliyepoteza mguu wa mbele, mkande bega lililobaki na shingo, karibu kila siku. Aliyepoteza wa nyuma, mkande kiuno na paja lililobaki.

Nipake mafuta gani? Huku Kigoma tunatumia mawese.

Mbwa hahitaji mafuta. Manyoya yenyewe yanateleza. Mawese ni mazuri kwa kusinga mtoto na kwa migebuka, lakini kwa mbwa yanakamata vumbi, yanaita sisimizi, na atakachofanya ukimaliza ni kujilamba yote mpaka aharishe.

Zile dawa za kuchua zenye harufu kali ya mentholi ni marufuku. Nyingi zina dawa ya jamii ya aspirini, mbwa akiilamba inamdhuru tumbo na zaidi. Pua yake inanusa mara nyingi sana kuliko yako, kwa hiyo hata harufu peke yake ni mateso. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari, ambavyo bado watu wanapaka mbwa kwa ajili ya kupe na ukurutu, vinaunguza ngozi na vinaingia mwilini. Nimeosha mbwa wa namna hiyo kwa sabuni mara tatu huku analia. Tafadhali acheni.

Naweza kumpa diklofenaki au panado kabla ya kumkanda?

Hapana. Diklofenaki na ibuprofeni zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Panado, kwa kipimo cha kukisia, inaharibu ini. Dawa za maumivu za mbwa zipo, daktari wa mifugo anazo, na zinapimwa kwa kilo za mbwa huyo. Tena mbwa aliyezibwa maumivu hawezi kukuonyesha panapouma, nawe utamkanda kupita kiasi.

Maji ya moto au barafu?

Jeraha jipya la misuli, siku mbili au tatu za kwanza, ni baridi. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika kumi, toa, rudia baada ya saa chache. Kigoma barafu mnayo, wavuvi wa Kibirizi wanaitumia kila siku.

Viungo vya kizee na misuli iliyokakamaa vinapenda joto. Chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue, lijaribu kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wako. Likikuunguza wewe, linamuunguza yeye. Dakika kumi za taulo kabla ya kukanda zinakupunguzia nusu ya kazi. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyohivyo kwa wazazi, akisema misuli haijibu mkono wa baridi.

Mbwa wangu amegongwa na pikipiki leo asubuhi. Uje umkande?

Siji, na wewe usimkande. Mlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa, mgongo usipinde, mfunike, mpeleke kwa daktari. Hata akiwa anatembea, anaweza kuwa anavuja damu ndani. Tazama ufizi: ukiwa mweupe ni dharura. Mimi nitakuja daktari akishasema hakuna kilichovunjika, au kilichovunjika kimeunga, jambo ambalo kwa mbwa mkubwa huchukua wiki 6 hadi 12 hivi.

Na baada ya upasuaji?

Nyuzi hukaa siku 10 hadi 14. Katika muda huo usiguse mshono wala ngozi inayouzunguka. Unaweza kumpapasa shingo, mabega na mgongo ili atulie, maana mbwa aliyefungiwa ndani anahangaika sana. Nyuzi zikishatoka, mwulize daktari uanzie wapi. Uingereza, kwa mfano, mkandaji wa mbwa mgonjwa anatakiwa kupata idhini ya daktari wa mifugo kwanza. Huku kwetu kuna Sheria ya Veterinari ya 2003, na kutambua ugonjwa na kutibu ni kazi ya aliyesajiliwa, si yangu wala ya jirani. Utaratibu huo naufuata hata mbwa akiwa wangu mwenyewe.

Mimi ni Mwislamu. Nitamshikaje mbwa?

Naulizwa kwa sauti ya chini, hasa na wa Ujiji na Kanyenye, na sioni sababu ya kunong'ona. Mimi pia ni Mwislamu. Katika fiqhi ya Shafi tuliyolelewa nayo, kinachohamisha najisi ni unyevu: mate yake, au mwili wake ukiwa na maji, au mkono wako ukiwa na maji. Mkavu kwa mkavu hakuna kinachohama. Palipolowana panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo nina nguo za kazi zisizoingia chumba cha kusalia, glavu nyembamba, mkeka wa mbwa peke yake, na taulo lake. Nakanda akiwa mkavu. Nikihitaji taulo la moto, glavu haziepukiki. Undani wa jambo hili mwulize shehe wako, yeye ndiye mwenye elimu.

Mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga tumeruhusiwa kuwafuga, na sote tumesimuliwa tangu madrasa habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa. Mimi hiyo inanitosha.

Watu watanicheka kwamba nakanda mbwa.

Watacheka wiki mbili. Kisha mmoja atakuja jioni kukuuliza kama unaweza kumtazama wa kwake. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Ukitaka jibu la kiserikali, Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na kumwacha mnyama wako kwenye maumivu yanayozuilika hakuendani nayo.

Mara ngapi kwa wiki?

Mbwa mzee: dakika 10 hadi 15, kila siku au siku moja kupita nyingine. Mbwa mzima: mara moja kwa wiki inatosha, upate kumjua. Ukizidisha, kesho yake atakuwa na maumivu kama wewe ulivyo baada ya siku ya kwanza ya kulima. Akiamka mgumu kuliko jana, ulibonyeza sana.

Nikishamkanda, nini kingine?

Sakafu. Unamkanda saa kumi na mbili jioni, halafu analala usiku kucha kwenye saruji ya baridi, asubuhi uko palepale ulipoanzia. Jaza gunia pumba za mpunga, zinapatikana bure au kwa bei ndogo kwenye mashine za kukoboa, liweke mahali pasipopita upepo. Pumba zikilowa, badilisha.

Mnyororo. Mbwa anayezunguka nguzo kwa mita moja na nusu mchana kutwa, miaka sita, akigeukia upande uleule, anaharibika shingo na kiuno, na mimi nikija mara moja kwa wiki siwezi kuushinda mnyororo. Funga waya mrefu kutoka ukutani hadi kwenye mti, pete ya mnyororo iteleze juu yake, apate kutembea. Bora zaidi mfungulie uani usiku. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyaandika hapa, kwa sababu ni la bure na watu hawalifanyi.

Chakula, kwa wale wachache wenye mbwa wanene. Nchini Marekani mbwa 48 wa aina ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na baridi yabisi iliwachelewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Ila mbwa wengi wa Tabora hawana tatizo hilo, wanahitaji kuongezewa dagaa kwenye ugali.

Kucha ndefu zikatwe. Mwendo unaharibika kwa kucha tu.

Watoto wanaweza kumkanda?

Kumpapasa, ndiyo, mtu mzima akiwa kando, na mbwa awe amechanjwa na amewazoea. Kukanda misuli na kukunja viungo, hapana. Wakimaliza wanawe kwa sabuni.

Lazima nikuletee? Unatoza kiasi gani?

Si lazima. Kumbeba mbwa mwenye maumivu kwenye pikipiki kutoka Malolo hadi Ipuli ni kumwongezea. Nakuja mimi, mara mbili au tatu, nakufundisha mikono yako, baada ya hapo unaendelea mwenyewe. Bei tunapatana nikishamwona, na mwenye mbwa mmoja wa kulinda kibanda chake hatutashindwana.

Mbwa wangu ana miaka kumi na mitatu. Kuna haja gani tena?

Hutamrudishia ujana, na mimi sitakudanganya. Lakini kati ya leo na siku yake ya mwisho kuna asubuhi nyingi za kuinuka, na kila moja inaweza kuwa nyepesi kidogo. Fupisha: dakika tano hadi nane. Mkono mwepesi, hakuna kubonyeza mafundo, hakuna kumpindua. Mkande alipolala, upande uliotazama juu, upande wa pili usubiri kesho. Akifika mahali hataki kula, hawezi kuinuka hata ukimshika, analia usiku, ongea na daktari kuhusu kumpumzisha, na siku hiyo pia kaa naye, mkono wako begani mwake.

Wangu anaitwa Subira. Naye ana miaka kumi na mitatu, macho yameingia ukungu, kubweka ameshawaachia vijana wa jirani. Kila baada ya swala ya magharibi navaa glavu, natandika mkeka wake barazani. Nikikaribia nyonga ya kushoto anageuza kichwa, naiacha, narudi begani. Hupata usingizi kabla sijafika kiunoni, nami huendelea kupapasa mpaka nisikie ameanza kukoroma.